Boti Iliyopimwa kwa Kilemba cha Mama

Tangu turudi, kila ninayekutana naye ananiuliza kama kweli mama alilala humo. Nimechoka kujibu vipande vipande, huyu kwenye simu, yule sokoni, kwa hiyo naandika yote mara moja. Habari za vibali vya mtoni nazikata. Tulivipata, na sijawahi kuona mtu aliyefurahia kusoma habari za mihuri.

Mtawanya, uani kwetu

Wengi wenu mnajua kwamba kaka yangu Daudi aliacha kazi bandarini ili atengeneze boti ndogo ya safari, yenye chumba cha kulala watu, ambayo gari la kawaida linaweza kuivuta. Hoja yake ilikuwa kwamba boti kubwa hukaa ilipo maisha yake yote, lakini ndogo yenye tela inaweza kuamkia Mikindani na kulala Ruvuma. Mimi nilirudi kutoka chuo na shahada ya uhandisi na tabia ya kuuliza kwa nini. Swali langu la kwanza lilikuwa kwa nini ameichora pana kuliko njia ya kutokea nyumbani.

Tuligombana karibu kila jioni. Kila kinachomstarehesha mtu ndani ya boti kina uzito au upana: kitanda, meza, jiko, dari ya kutosha kichwa. Na kila uzito na upana barabara inaudai. Gari tulilopata ni pikapu ya zamani ya jirani yetu Selemani, na ekseli ya tela ilitoka kwenye kigari kilichokufa siku nyingi. Kwa hiyo nilipima kila kitu, mbao, bolti, mpaka vijiko, kwa mizani ya kuning'iniza ya kupimia korosho. Daudi alisema nikimaliza vijiko nitampima na yeye. Nilimpima. Nilimwambia apunguze.

Kikwazo kikubwa hakikuwa uzito, kilikuwa mama. Mama ni mwalimu mstaafu, alitoka Mbeya akiwa binti akapangiwa kazi huku, na hajawahi kuondoka. Uwanja ni wake. Boti ilikuwa imekalia sehemu aliyotaka kufugia kuku, na siku moja alitoka nje na kikombe chake cha chai akatoa hukumu.

"Siwazuii. Nitapanda. Nikikaa humo na kilemba changu cha kanisani bila kuinama, nikachemsha chai, nikalala bila mguu wa mtu usoni, na mkanirudisha nyumbani mzima, boti yenu itakaa hapo mpaka mchoke wenyewe. Ikikosekana hata moja, namwita fundi na msumeno. Mbao nzuri hizo. Zinatosha banda."

Daudi aliweka mkono kwenye ubavu wa boti. Alikuwa ameacha mshahara kwa ajili ya kitu hicho, na wateja wawili wa Mikindani walisema wangeagiza boti kama hiyo wakishaiona imekwenda na kurudi. Ikikatwa, hakuwa na kitu cha kuwaonyesha isipokuwa banda.

Alinitazama, nami nikajua anawaza kilemba. Kilemba cha mama cha kanisani si kitambaa cha kujifunga tu. Kinasimama juu ya kichwa kama sufuria ya wali wa shughuli. Tukiinua dari ifikie kilemba, boti inakuwa ndefu kwenda juu, upepo wa barabarani unaisukuma, tela linayumba. Tukiishusha, banda. Nilikaa na karatasi siku kadhaa. Mwisho tukafanya paa la kuinuliwa: barabarani linalala, na boti ikisimama linanyanyuliwa kwa vijiti, pembeni turubai. Nilimwomba mama aketi kwenye stuli amevaa kilemba ili nimpime.

"Huyu aliniuliza kwa nini kabla hajaniita mama," aliwaambia majirani, "na sasa ananipima kama kitambaa cha pazia."

Baba tulimpigia simu Mbeya, kwenye shamba lake la mahindi. Baba haamini chombo chochote kisicho na magurudumu. Tulipomwambia hiki kina magurudumu, aliomba kuongea na mama.

Mpango ulikuwa kushuka na mto Ruvuma hadi baharini na kutokea Msimbati. Siku ya kuondoka Selemani alirudisha gari kinyumenyume, tukafunga tela, tukaanza kupita kati ya nyumba yetu na ukuta wa Mzee Chikoyo. Mzee alisimama mlangoni kwake na kiganja hewani, akipima nafasi iliyobaki.

"Mngepaka rangi mara mbili," alisema, "isingepita."

Ilipita.

Kutoka Mtawanya hadi Madimba

Selemani huendesha taratibu na kuongea haraka. Gari lake limebeba saruji, ng'ombe na bibi harusi, alituambia, ila halijawahi kubeba nyumba ya maji. Mama alikaa mbele naye. Mimi na Daudi tulikaa nyuma na injini ya boti, madumu na kamba, tukiangalia tela kama wazazi wanaoangalia mtoto anayejifunza baiskeli.

Lilitulia. Nitaisema hii bila aibu: lilifuata gari kama kivuli. Kila baada ya muda nilimwomba Selemani asimame nikaguse vikombe vya magurudumu kama vimepata moto. Mara ya tatu akauliza kama gari lina homa.

Madimba tulisimama kula chapati na maharage. Kabla chai haijafika, mwanamume mmoja mwenye ndoo alikuja akagonga ubavu wa boti kwa kucha, kama anayechagua nazi.

"Mna barafu?"

"Hatuuzi barafu," nilisema. "Hii ni boti."

"Naona. Lakini hilo boksi jeupe la juu?"

"Ni chumba. Cha kulala."

"Samaki wanalala?"

"Watu."

Akazunguka boti yote, akainama, akachungulia dirishani. Kisha akaenda mpaka kwa mama aliyekuwa anafungua chapati yake.

"Shikamoo mama. Wewe unajua jambo hili?"

"Marahaba. Najua," mama alisema. "Bado sijakubali."

Alikaa na sisi mpaka tulipomaliza kula. Alipoondoka alisema tukirudi tusimame, anataka kujua iliishaje. Mnaona kwamba hata kabla ya nyie kulikuwa na watu waliotaka kuandikiwa.

Kijiji alichofundisha mama

Kati ya Madimba na mto kuna kijiji ambacho mama alifundisha miaka mingi kabla ya kuhamishiwa mjini. Katika hesabu zangu kijiji hicho kilikuwa mahali pa kupita. Mama akasema, "Tusalimie tu."

Nyie mnaofahamu kusini mnajua kusalimia tu kukoje. Mtu wa kwanza alimwona kupitia dirisha la gari. Akaita mwingine. Baada ya muda mfupi gari lilikuwa limezungukwa na watu wazima wenye ndevu na wajukuu, wote wakisema "Mwalimu, Mwalimu," na mama akiwaita kwa majina yao ya darasani. Tukatandikiwa mkeka kwa mwanamke anayeitwa Zuhura, ambaye zamani mama alimchapa kwa kuchelewa na hajasahau, ila amesamehe. Tukala ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na samaki wa kukaanga waliokatika vizuri mdomoni. Niliuliza kwa nini kisamvu cha pale kinazidi cha mjini. Zuhura akasema kwa sababu mjini mnakipika mkiwa na haraka.

Kisha zawadi zikaanza. Huko mgeni haondoki mikono mitupu, na mwalimu akiondoka mikono mitupu ni aibu ya kijiji kizima. Likaja gunia la makopa, muhogo ule uliokaushwa. Likaja la pili. Nazi. Korosho ghafi kwenye kiroba. Zuhura akaleta kuku tetea mweusi amefungwa miguu kwa ukindu.

Nilimvuta Daudi pembeni. "Kaka, uzito."

"Nenda ukawaambie wewe."

Nilikwenda. Nilieleza vizuri, kwa heshima, kwamba tela lina kikomo, kwamba tumepima mpaka vijiko. Watu walinisikiliza kwa makini. Kisha Zuhura akauliza, "Dada, gari linavuta boti nzima, halafu linashindwa muhogo?" Wote wakacheka, mama akanitazama jicho la ubaoni, na nikarudi kwa Daudi nimebeba nazi nyingine.

Daudi, ambaye aliniacha nipime vijiko, alibeba magunia mwenyewe akitabasamu. Aliyaweka pale pale mlangoni mwa chumba, nyuma kabisa ya boti, kwa sababu ndipo mlango ulipo. Kuku nilimweka mbele, kwenye kitanda changu. Sikuwa na mahali pengine.

Getini, halafu mteremko

Mbele kidogo kulikuwa na geti. Ulikuwa msimu wa korosho, na kila gari lilikaguliwa kwa ajili ya kangomba, ile biashara ya watu wanaonunua korosho kwa wakulima mlango wa nyuma na kuzisafirisha kimyakimya. Mlinzi alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kudanganywa sana.

"Mmebeba nini?"

"Boti," Daudi alisema.

"Ndani ya boti?"

Mlinzi akafungua mlango, akakuta kiroba cha korosho ghafi juu ya magunia. Akatugeukia na huzuni ya kweli. "Sijawahi kuona," alisema, "watu waliojenga chombo kizima kwa ajili ya kangomba."

Nikaanza kueleza. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilieleza nafasi zilizo chini ya vitanda, nilivyozificha ili zisile upana, paa linalolala na kuinuka, sehemu ya chini inayofunguka. Kadiri nilivyoeleza ubunifu wangu ndivyo macho yake yalivyozidi kuwa madogo.

"Yaani kuna sehemu za siri," alisema.

"Za kuwekea nguo."

"Hiki chumba si cha mtu. Mtu hatoshi."

"Anatosha," nilisema. "Jaribu."

Alivua viatu, akaingia, akajilaza kwenye kitanda cha mama. Sisi wote tulisimama nje tukiangalia soksi zake. Zilikaa ndani. Alikawia humo hata Selemani akasema amesinzia. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Aliuliza kama godoro ni sponji, nikasema ndiyo, nyembamba, kwa sababu ya uzito. Akasema ningeongeza kidogo.

Korosho ghafi zilirudi kijijini na bodaboda aliyekuwa anaelekea huko, pamoja na maelezo ya mama kwa aliyezitoa ili asione tumedharau zawadi. Magunia ya makopa mlinzi hakuyagusa. Hakuna geti la makopa.

Basi tukaingia mteremko wa kuelekea mtoni, na tela likaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Kisha likaivuta pikapu kushoto, likairudisha kulia, na mimi kule nyuma nikashika kamba ambayo haikufungwa popote. Selemani hakukanyaga breki. Aliachia gesi tu, akaliacha gari lipungue lenyewe, mpaka tukasimama kando ya mashamba ya mikorosho.

Mama alishuka, akatengeneza kilemba. "Hesabu zako zilisemaje hapa, Neema?"

Hesabu zangu zilisema hivi: uzito ukikaa nyuma ya ekseli, unainua ule mkono unaoshika gari, na tela likikosa mkono linaenda linakotaka. Nilikuwa nayajua hayo tangu mwaka wa pili chuoni, nikaacha makopa yakae nyuma kwa sababu niliona haya kubishana tena. Tulihamisha magunia yote kwenye pikapu. Nilikuwa nabeba huku naeleza, na Selemani akauliza kama nahamisha muhogo au nahamisha elimu. Tulipoondoka, tela lilikuwa limetulia tena kama asubuhi.

Kilambo

Mto pale Kilambo wakati huo ulikuwa umepungua, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, na upande wa pili Msumbiji inaonekana karibu kiasi cha kusikia jogoo wao. Watu wa pale walikuja kutazama tukishusha boti. Ilielea vizuri, juu juu, nyeupe, nyepesi. Daudi alifurahi kama mtoto. Mimi pia. Tulikuwa tumeifanya iwe nyepesi kuliko boti yoyote ya ukubwa wake niliyowahi kuona.

Mama akapanda. Aliweka mguu pembeni, na boti yote ikalala upande wake. Akasogea kushika mlango, ikalala upande mwingine. Daudi akaruka kusawazisha, ikazidi. Kilemba kikaanguka. Kilianguka ndani ya boti, nashukuru, si mtoni kwa mamba. Mama akakiokota, akashuka kwa utaratibu, akaenda kuketi kwenye jiwe ukingoni.

"Mimi nimemaliza," alisema. "Selemani atanirudisha."

Daudi alianza kukunja kamba polepole, na nilivyomwona anakunja kamba ambayo hakuna aliyemwambia akunje, nikajua ameshaanza kuona msumeno.

Nilikaa ndani ya boti peke yangu nikihama huku na huku, kuona inavyolala. Kwa nini? Nilikuwa nimeiondolea kila kitu kwa sababu ya barabara. Barabara inataka boti iwe nyepesi, na mimi niliitumikia barabara mpaka nikasahau kwamba tunakoenda ni majini. Kwenye maji boti isiyo na kitu tumboni ni kama kopo. Inahitaji uzito, tena chini, tena katikati. Haihitaji uzito huo njiani. Inauhitaji hapa, ukingoni, inapoanza kuelea.

Nikamwita Selemani alete magunia.

"Yepi?"

"Ya makopa. Yote. Na nazi."

Alisimama mkono kiunoni. "Yale yaliyotaka kutuua saa ileile?"

"Yaleyale."

Niliyalaza sakafuni, kwenye mstari wa katikati, juu ya vibao ili yasilowane, nikasukumia nazi kwenye mianya. Boti ikashuka kidogo, ikatulia. Daudi akaruka juu ya ukingo wake kwa makusudi. Ikainama kama mtu anayeitikia salamu, ikarudi. Akaruka tena, akicheka sasa.

Mama aliangalia yote hayo kutoka kwenye jiwe lake. Kisha akainuka, akavaa kilemba upya bila kioo, akapanda. Boti haikusema kitu.

"Mwambieni Zuhura," alisema akiketi, "muhogo wake umepata kazi."

Mtoni

Selemani alirudi na gari kwenda kutungoja pwani ya Msimbati, nasi tukateremka na mto. Injini ndogo ilitosha. Viboko tuliwaona mbali, masikio tu na pumzi, na Daudi alishika upande wetu wa mto kwa adabu kubwa.

Mchana maji yakapwa, tukakwama kwenye fungu la mchanga. Nilikuwa nimelitarajia hilo. Chini ya boti yetu ni bapa, kwa ajili ya tela na kwa ajili ya hili, na ilikaa juu ya mchanga wima kama meza. Tukainua paa. Mama akawasha jiko la gesi, akachemsha chai, akaketi kwenye kitanda chake na kilemba chake cha kanisani, mgongo umenyooka. Kati ya kilemba na paa kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Nilipitisha.

"Toa mkono," alisema. Alikunywa chai yote.

Wanawake wawili walikuja na mtumbwi kutoka ng'ambo. Kiswahili chao kilikuwa kidogo na Kimakonde chetu ni kidogo zaidi. Walitutazama kwa huruma, wakasema maneno, wakaondoka haraka. Daudi akasema wamekwenda kuita watu waje kutuibia. Nikamuuliza kwa nini mtu akiondoka haraka lazima awe mwizi. Walirudi na wanaume, wakashuka majini, wakashika boti na kuanza kutusukuma. Tulijaribu kuwaambia kwamba hatuhitaji msaada, tunangoja maji, tunakunywa chai. Walielewa neno chai. Waliendelea kusukuma. Daudi, ambaye hawezi kukataa kitu kwa mtu anayetabasamu, akashuka akasukuma nao, na boti ikatoka mchangani na mama akiwa bado ameshika kikombe.

Tuliwapa nazi. Wakakaa kwenye mtumbwi wao kando yetu mpaka wakamaliza chai yetu pia.

Jioni tulitia nanga karibu na mikoko. Mama alilala kitanda kipana, Daudi kwenye ule ubao unaoingia chini ya sehemu ya kukaa, mimi mbele na kuku, ambaye alikuwa amekata ukindu wake na kujichimbia chini ya nguo zangu. Asubuhi nilimkuta mama ameshaamka, anatazama nje kupitia turubai.

"Umelalaje?" Daudi aliuliza.

"Usiniharakishe."

Mlangoni mwa mto

Mahali mto unapokutana na bahari maji ya kahawia na ya buluu yanagombana kwa mstari unaoonekana. Mawimbi yanapasuka kwenye mafungu ya mchanga, na kuna njia katikati, ila lazima uijue, na uingie maji yakiwa yamejaa. Tulingoja. Daudi, niseme ukweli, hakuwa na rangi nzuri. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba tukigeuka sasa turudi Kilambo hakuna atakayetulaumu.

"Isipokuwa msumeno," nilisema.

Wote tulikuwa tumevaa majaketi ya kuelea, mama lake juu ya kitenge. Alikaa chini mlangoni, magunia miguuni. Daudi akaongeza gesi tukaingia.

Wimbi la kwanza lilikuja refu, likainua pua mpaka nikaona anga tu. Nilingoja ile kulala kwa Kilambo. Haikuja. Boti ilipanda, ikashuka upande wa pili kwa uzito, kama mtu mnene anayeshuka ngazi akijua kila ngazi ilipo. La pili lilitupiga ubavuni likalowanisha kila mtu. Chini yangu nilisikia makopa yakisogea kwenye magunia, mlio mkavu, na boti ikarudi wima. La tatu. La nne Daudi alilipanda akipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu shule ya msingi. Kisha maji yakawa ya buluu, mapana, na mawimbi marefu tu yanayotubeba bila hasira.

Nilimgeukia mama. Alikuwa amelowa, ameshika kilemba kwa mikono miwili.

"Kimekaa?" aliuliza.

"Kimekaa."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kwa upole, ili kisianguke.

Upepo wa kusi ulikuwa haujaisha kabisa. Tulizima injini tukafungua tanga dogo tulilobeba kwa mashaka, na boti ikatupeleka Msimbati yenyewe. Daudi alishika usukani kwa mguu na kula makopa bila kuyapika, kama biskuti. Nimesafiri kwa mabasi, kwa ndege mara moja, na sijawahi kusafiri hivyo, tukiwa na kitanda, jiko, mama na kuku, ndani ya kitu tulichokivusha kwenye ukuta wa Mzee Chikoyo kwa nafasi ya kiganja.

Msimbati hadi nyumbani

Selemani alikuwa ameegesha kwenye mchanga mgumu wa ufukweni, akitupungia fulana. Hapo tulifanya lile tulilopaswa kulifanya tangu mwanzo: kabla tela halijagusa maji, tulitoa uzito. Watu wa Msimbati walikuja kusaidia, kila mmoja akibeba kitu, na mama akagawa makopa palepale kwa waliobeba. Gunia la mwisho lilikwenda kwa mwanamke aliyeshika pua ya boti isigeuke. Boti ikapanda kwenye tela nyepesi kama ilivyotoka nyumbani, na safari ijayo, nilimwambia Daudi, tutabeba madumu matupu. Tutayajaza ukingoni na kuyamwaga ukingoni. Mto hautozi uzito wa maji yake.

Madimba yule mtu wa ndoo alikuwepo. Alimtafuta mama kwanza.

"Umekubali?"

"Naelekea huko," mama alisema.

Tulipofika Mtawanya, Mzee Chikoyo alisimama tena na kiganja chake, na boti ikapita tena. Majirani walikuja uani. Daudi alikuwa amesimama kando ya tela, mikono mfukoni, akingoja hukumu bila kuiomba. Mama alizunguka boti yote taratibu, kama alivyozunguka yule mtu wa ndoo, kisha akapanda kumchukua kuku wake. Alikawia. Tulisikia akiongea peke yake mle ndani.

Alitoka na kuku kwapani, na mkononi ameshika yai, bado lina joto, lililotagwa kwenye kitanda changu chini ya nguo zangu.

"Daudi," alisema, "fundi usimwite. Boti imekwisha kuwa banda, na imefaulu."

Yai alilikaanga jioni ile ile, humo humo ndani ya boti, pale uani, paa limeinuliwa na kilemba kichwani. Alimpa Daudi.